MLINZI ALIYEIFICHA SARE YAKE
Waigizaji wa "Papa Shirandula" na njia walizopita

Kansanga ni mtaa usiolala mapema. Umekaa kando ya barabara ya Ggaba, katika tarafa ya Makindye jijini Kampala, baada ya kuipita Kabalagala na kabla ya kuifikia Bunga, kwenye barabara ile ile iteremkayo mpaka ufukweni mwa ziwa. Tangu Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilipofunguliwa hapo mwaka 2001, mtaa huo umejaa mabweni ya wanafunzi, na wanafunzi hao hawakutoka Uganda peke yake. Wako waliotoka Kenya, Tanzania, Sudan Kusini, Somalia na kwingineko. Ndiyo sababu Kansanga ni miongoni mwa pembe chache za Kampala ambamo Kiswahili husikika dukani, hotelini na juu ya bodaboda, bila ya msemaji wake kuwa amevaa kombati.

Maneno hayo ya mwisho tumeyasema makusudi. Sisi tulio katika majeshi ya ulinzi na usalama tunajua kwamba kwa miaka mingi raia wengi wa nchi yetu walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na ya amri za ghafla. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo Katiba haiwezi kumlazimisha mtu aipende lugha. Kinachoweza kazi hiyo ni wimbo, hadithi na kicheko. Miongoni mwa vicheko vya Kiswahili vilivyovuka mpaka wa Busia na Malaba vikaja kutazamwa na vijana katika mabweni ya Kansanga, kimoja kinatuhusu sisi wenye sare kuliko vingine vyote. Nacho ni mchezo wa televisheni wa Kenya uitwao "Papa Shirandula".

Tumeona ni vyema leo tuwaeleze wasomaji wetu, maafisa kwa askari, habari za waigizaji wa mchezo huo: walikuwa nani, walitoka wapi, na kazi yao iliwafikisha wapi.

SIRI YA SUTI NA SARE

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa na televisheni ya Citizen ya Nairobi mwaka 2007. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Papa Shirandula ni mlinzi wa lango katika kampuni. Kazi yake ni halali, na mshahara wake, ingawa mdogo, ni wa jasho lake. Lakini mkewe Wilbroda hajui kwamba mumewe ni mlinzi. Kila asubuhi Papa huondoka nyumbani amevaa suti kama bwana mkubwa wa ofisini, na afikapo kazini huivua suti ile na kuvaa sare ya ulinzi. Jioni ikiingia, sare huvuliwa, suti huvaliwa, na bwana mkubwa hurudi kwake.

Juu ya siri hiyo moja ndipo ulipojengwa mchezo mzima. Mtazamaji anaijua siri. Wenzake Papa kazini wanaijua siri. Ila mwenye haki ya kuijua ndiye asiyeijua. Kwa hiyo kila mlango unapobishwa mtazamaji hushika roho mkononi, akingoja kuona kama leo ndiyo leo. Kicheko hutoka katika hofu hiyo.

Kwa msomaji aliye raia, hicho ni kichekesho cha mume mwongo. Kwa sisi kina uchungu ndani yake. Swali linalokuja ni hili: kwa nini mtu aione haya sare iliyomlisha yeye na watoto wake? Jibu halimo katika moyo wa Papa peke yake. Limo pia katika macho ya watu wanaompita langoni bila salamu, wanaompigia honi kana kwamba yeye ni kipande cha lango lenyewe, na wanaomwita "soja" kwa sauti ambayo wasingethubutu kumwitia karani. Waandishi wa mchezo hawakuhubiri habari hiyo hata siku moja. Walimvika mtu suti, wakamvua, wakatuachia sisi tuwaze.

MTU ALIYEKUWA NDANI YA SARE

Aliyemwigiza Papa, na ndiye pia aliyembuni, aliitwa Charles Bukeko. Alizaliwa mwaka 1962, na asili yake ni Nambale katika wilaya ya Busia ya Kenya, ambayo siku hizi huitwa kaunti, si mbali na mpaka wetu. Ndiyo maana watu wa Busia, Samia na Tororo kwa upande wa Uganda hawakuhitaji mkalimani kuielewa lafudhi yake. Kile Kiswahili chake chenye uzito wa Kiluhya, ambamo maneno hutoka kinywani kama mzigo unaoshushwa kutoka begani, wamekisikia tangu utotoni katika masoko ya pande zote mbili za mpaka.

Bukeko hakuokotwa njiani akawekwa mbele ya kamera. Alitoka katika jukwaa la tamthilia, mahali ambapo mwigizaji hana kipaza sauti cha kumfichia udhaifu wala nafasi ya kurudia alipokosea. Jukwaa ndilo lililomfundisha kuutumia mwili wake. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, na umbo hilo alilitumia kama vile mpiga ngoma anavyoitumia ngoma yake: alijua wakati wa kulituma mbele kwa majivuno na wakati wa kulikunja likawa dogo mbele ya mke mwenye hasira. Uso wake nao ulikuwa na kazi yake. Angeweza kusimama kimya kwa muda mrefu, macho yametoka, na watu wakacheka kabla hajatamka neno.

Sura hiyo ilimfikisha mbali kuliko Kenya. Tangazo la soda ya Coca-Cola ambalo ndani yake alionekana akiisikia baridi ya kinywaji ikimtetemesha mwili lilionyeshwa katika nchi nyingi za Afrika, na watu ambao hawakupata kusikia jina la Shirandula walimtambua kwa mtetemo huo.

Bukeko alifariki Nairobi siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, katika zile siku za janga la korona, akiwa na umri wa miaka 58. Siku mbili baadaye alizikwa kwao Nambale kwa taratibu za haraka zilizowekwa na serikali ya Kenya wakati ule, mazishi ambayo waombolezaji wengi hawakuweza kuyahudhuria. Mtu aliyewakusanya mamilioni mbele ya televisheni alisindikizwa na wachache. Vyombo vya habari vya Kenya vilipotangaza msiba huo, vingi vilimtaja kwanza kwa jina la Papa Shirandula, ndipo vikalitaja jina alilopewa na wazazi wake. Hilo ni jambo la kawaida katika kazi ya uigizaji, na tutalirudia hapa chini, maana lina faida na hasara yake.

WENZAKE WA LINDO MOJA

Hakuna mlinzi anayelinda peke yake, na hakuna mchekeshaji anayechekesha peke yake. Uzuri wa "Papa Shirandula" ulikuwa katika kikosi chake.

Wilbroda, mke anayefichwa siri, aliigizwa na Jacqueline Nyaminde. Kazi ya mwigizaji huyu ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ilimpasa awe mkali wa kutosha ili hofu ya mumewe iaminike, na papo hapo asionekane mjinga kwa kutoigundua siri ile miaka nenda miaka rudi. Aliibeba kazi hiyo kwa sauti yake, na sauti hiyo hiyo ikamfungulia mlango wa utangazaji wa redio.

Otoyo aliigizwa na Kazungu Matano. Jina lenyewe Kazungu linatangaza Pwani ya Kenya, lakini katika mchezo alikuwa Mjaluo kamili, kwa lafudhi, kwa mkao na kwa majivuno. Wapo watazamaji ambao hata leo hawakubali kwamba mtu huyo hakuzaliwa kandokando ya ziwa. Njoro, mwenye Kiswahili cha Kikikuyu, aliigizwa na Kenneth Gichoya; Naliaka aliigizwa na Daisy Odeko.

Alikuwamo pia kijana Felix Odiwuor, ambaye umma unamjua kwa jina la Jalang'o. Huyu alitoka katika uigizaji akaingia katika redio, akawa mmoja wa watangazaji wa asubuhi wanaosikilizwa sana Nairobi, kisha akaingia katika siasa. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata.

Msomaji asistaajabu sana kwa habari hiyo. Katika Afrika Mashariki njia ya kutoka kwenye uigizaji kwenda kwenye dola ni ya zamani. Rashid Mfaume Kawawa wa Tanganyika, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya 1950, mojawapo ikiitwa "Muhogo Mchungu". Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Tanzania wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979 vilivyouondoa utawala wa Idi Amin katika nchi yetu.

Wa mwisho tunayetaka kumtaja ni Awinja, mtumishi wa nyumbani kwa Papa, aliyeigizwa na Jacky Vike. Kitambaa kichwani, lafudhi nzito, ulimi usiojua kunyamaza: hivyo ndivyo watu walivyomjua. Nje ya mchezo Jacky Vike ni mwanamke wa mjini mwenye usemi tofauti kabisa, na wengi waliomsikia akihojiwa kwa mara ya kwanza walidhani wameletewa mtu mwingine. Baadaye aliuacha mchezo ule akaendelea na vichekesho na uigizaji kwa nguvu zake mwenyewe. Aliona kwamba mhusika akishakomaa, mwenye kumwigiza ana haki ya kutafuta shamba lake.

WAZEE WALIOWATANGULIA

Yafaa ikumbukwe kwamba kikosi hicho hakikuota kama uyoga. Kabla yao walikuwapo wazee wa "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", michezo iliyoonyeshwa na televisheni ya taifa la Kenya tangu siku ilipokuwa ikiitwa Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989.

"Vioja Mahakamani" ulimpeleka mtazamaji mahakamani: hakimu mezani pake, mwendesha mashtaka, askari wa mahakama, na mshtakiwa mwenye utetezi wa ajabu. Wananchi walicheka, na katika kucheka wakajifunza kwamba mshtakiwa husomewa shtaka lake, kwamba shahidi huulizwa maswali, na kwamba hukumu haitolewi kabla ya utetezi kusikilizwa. Askari polisi anayesoma makala haya anajua kazi inavyokuwa ngumu pale ambapo raia hajui hata hayo.

Katika "Vitimbi" aliyetawala ni Mzee Ojwang'. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba Wajaluo wenyewe walimhesabu kuwa mtu wao. Mama Kayai, mkewe katika mchezo, ni Mary Khavere, naye hakuwa Mjaluo. Watazamaji wengi waliamini kwa yakini kwamba wawili hao walikuwa mume na mke wa ndoa. Hawakuwa hivyo, walikuwa wafanyakazi wawili waliozoeana kazini.

Tunawaomba wasomaji waitafakari habari ya Mzee Ojwang' kwa utulivu. Alichekesha taifa kwa miongo kadhaa. Miaka michache kabla ya kufariki macho yake yaliharibika, na fedha za matibabu zilipatikana kwa michango ya wananchi waliompenda. Alifariki katika Hospitali ya Kenyatta siku ya Jumapili, tarehe 12 Julai 2015. Alipofariki sifa zilimiminika kutoka kila upande, hata kwa viongozi wakubwa. Sifa hizo zilikuwa za haki, lakini zilichelewa. Mtu aliyetumikia umma kwa muda unaolingana na utumishi wote wa askari, tangu kuruta hadi kustaafu, alikuwa ametegemea kofia iliyopitishwa mkono kwa mkono ili apate kuona.

Katika kizazi hicho hicho cha "Vitimbi" alitoka pia Davis Mwabili, ajulikanaye kwa jina la Mwala. Yeye alihamia Citizen akaanzisha mchezo wa "Inspekta Mwala", ambamo aliigiza afisa wa polisi mwenye maneno mengi na asiyekosa njia ya mkato. Tunafahamu kwamba wapo wenzetu wa polisi ambao mchezo kama huo huwakera. Lakini na tuulizane kwa haki: je, ni mwigizaji aliyeibuni tabia ile, ama aliikuta barabarani akaivaa? Kioo hakilaumiwi kwa sura ya anayejitazama.

KICHEKO KINA KWATA YAKE

Baadhi ya watu hudhani kwamba kuchekesha ni kipaji tu, na kwamba mwenye kipaji hana haja ya mazoezi. Mawazo hayo ni ya makosa, na sisi tuliopita katika viwanja vya gwaride tunayo sababu ya kuyakataa upesi.

Mchezo wa televisheni wa namna hii huwa na muda wa nusu saa hivi, na ndani ya nusu saa hiyo matangazo ya biashara huchukua sehemu yake. Kwa hiyo waandishi na waigizaji wana dakika ishirini na kitu za kufungua kisa, kukifunga fundo na kulifungua, wiki baada ya wiki. Mahali ni pale pale: sebule, lango, ofisi. Watu ni wale wale. Ubahili huo una maana yake. Kwanza, gharama hupungua, maana hakuna haja ya kujenga mahali papya kila wiki. Pili, mtazamaji akishawajua wahusika huanza kucheka kabla ya tukio, kwa sababu anajua Papa atakavyofanya akimwona Wilbroda langoni. Mchekeshaji wa jukwaani humtafuta mtazamaji upya kila usiku. Huyu wa televisheni humkuta amekwisha kaa kitini anamngoja.

Lakini ili jambo hilo liwezekane, mwigizaji hana budi kumshika mhusika wake bila kuteleza. Lafudhi isibadilike, mwendo usibadilike, hasira ya leo ifanane na ya mwaka jana. Kamera hukipiga kitendo kimoja mara kadhaa, kutoka pande mbalimbali, na kila mara mwigizaji hupaswa kushika kikombe kwa mkono ule ule, kwa neno lile lile, na kustaajabu kama kwamba ndiyo kwanza asikie habari. Wakati mwingine kitendo hurudiwa kwa sababu tu ndege imepita juu au mtu amekohoa. Mzaha unaorudiwa mara sita haumchekeshi tena anayeutoa, na hapo ndipo nidhamu inapochukua mahali pa furaha. Kuna pia hesabu ya kimya: jibu likitoka mapema kicheko hufa, likichelewa huoza. Sajini wa gwaride anayejua muda wa kupita kati ya tahadhari na amri yenyewe ataelewa jambo hili kuliko profesa.

Na kuna mzigo wa jina. Askari akivua sare jioni hurudia jina lake. Mwigizaji aliyefanikiwa hana jioni. Sokoni ni Papa, kanisani ni Papa, katika msiba wa ndugu yake ni Papa, na watu humtazama wakingoja awachekeshe. Jina la mchezo humpatia mkate, kisha hulila jina la kuzaliwa. Na mchezo ukisimama, wenye kuajiri huona taabu kumpa kazi nyingine, maana watazamaji hawataki kumwona mlinzi wao akiwa hakimu. Ndiyo maana waigizaji wengi wa kikosi hiki walitafuta kazi ya pili katika redio, katika matangazo au katika siasa. Haikuwa tamaa. Mtu mwenye busara huweka akiba ya njia, kama aiwekavyo akiba ya risasi.

KAMPALA NAYO INA WAKE

Tusije tukadhaniwa tunasifu vya jirani na kusahau vya kwetu. Wycliffe Kiyingi aliunda chama cha kwanza cha maigizo cha Waafrika katika Uganda mwaka 1954, na michezo yake ya redio ilizikusanya familia nyingi mbele ya chombo kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilitokea kundi la Ebonies, ambalo uimbaji wa Jimmy Katumba uliliongoza kwanza, na ambalo baadaye lilileta katika televisheni mchezo wa "That's Life Mwattu". Humo Sam Bagenda akawa Dokta Bbosa, jina ambalo hajaachana nalo. Mwaka 2003 ilianzishwa Theatre Factory, na kutoka humo kikazaliwa kikundi cha Fun Factory cha akina Hannington Bugingo, Richard Tuwangye na Veronica Namanda, waliozifanya Alhamisi za National Theatre kuwa usiku wa kucheka. Anne Kansiime wa Kabale alipita katika shule hiyo hiyo, kisha akatangulia wenzake wote kwa umaarufu kwa njia ya intaneti. Na televisheni ya Citizen, ile ile ya Papa Shirandula, ikaonyesha kipindi chenye jina lake. Kwa hiyo barabara ya Nairobi na Kampala inabeba vichekesho kwenda na kurudi, sawa na inavyobeba mafuta na ndizi.

Lakini jengo hilo la National Theatre lina kumbukumbu nyingine, na haingekuwa uungwana kuiruka mbele ya wasomaji wenye sare. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa sanaa katika jengo hilo na mtunzi wa mchezo wa "Oluyimba lwa Wankoko". Mapema mwaka 1977 aliupeleka mchezo huo Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na ukaiwakilisha Uganda. Aliporudi, watu wa usalama wa utawala wa Amin walimchukua kutoka kazini kwake, wakamwua. Kosa lake lilikuwa kwamba watawala walijiona ndani ya mchezo.

Tunalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo lipimalo uzito wa kicheko. Katika mwaka 1977 mtu mwenye bunduki alikiogopa kicheko cha mtu mwenye kalamu. Miaka thelathini baadaye, katika nchi jirani, mwigizaji alivaa sare akaichezea wiki kwa wiki, mwingine akavaa cheo cha inspekta wa polisi akakitania, na wote wawili wakarudi nyumbani kwao salama. Huo ndio umbali ambao Afrika Mashariki imetembea. Jeshi lililo imara haliporomoki kwa sababu limechekwa. Linaloporomoka ni lile ambalo limekatazwa kusikia jinsi raia wanavyoliona, hata likaisikia habari hiyo siku ya kuchelewa.

LA KUZINGATIA

Kutokana na habari hizi tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu mambo mawili.

La kwanza ni juu ya mlinzi wa lango. Yumo katika kila bweni la Kansanga, katika kila benki na kila duka kubwa la Kampala. Miongoni mwa walinzi hao wamo wastaafu wa majeshi yetu, na wamo waliokwenda hata Iraq tangu mwaka 2005 kulinda mali na maisha ya wageni, wakarudi kujenga nyumba na kusomesha watoto. Kampuni zao hufanya kazi kwa leseni na usimamizi wa polisi. Kwa hiyo mlinzi huyo ni ndugu wa kazi, na siku moja huenda akawa ni mimi au wewe. Afisa anayepita langoni mwake na ampe salamu. Salamu haina gharama, nayo ingeweza kumwokoa Papa Shirandula na taabu yote ile ya kubeba suti.

La pili ni juu ya waigizaji wenyewe. Wanatumikia nao, ila hawana kikosi cha kuwahesabu jioni, wala pensheni ya kuwangoja. Kituo cha televisheni kinachotajirika kwa uso wa mtu na kimwandikie mkataba unaoeleweka, unaomlipa pia pale mchezo wake unaporudiwa. Nao waigizaji na wajiunge katika vyama vya akiba, kama sisi tunavyofanya katika vikosi, wasingoje kofia ipitishwe. Na sisi watazamaji, tununuapo tikiti ya National Theatre badala ya kungoja kipande cha bure katika simu, tunakuwa tumemlipa mtu ujira wake angali hai.

Charles Bukeko aliivaa sare ya mlinzi kwa miaka mingi mbele ya watu, akiigiza mtu anayeionea haya. Yeye mwenyewe hakuionea haya hata kidogo: aliipiga pasi, akaifunga vifungo, akaifanya ijulikane kuliko sare nyingi za kweli. Na tuliovikwa sare kwa kiapo tuivae kwa namna ambayo watoto wetu wakiulizwa shuleni baba au mama yao anafanya kazi gani, wajibu kwa sauti.